Kufundisha watoto kuhusu viumbe vamizi bila kutoka nje ya geti ya shule

Walimu wengi wakifika kwa hii mada ya viumbe vamizi, yaani mimea na wanyama waliohamishwa na watu wakaleta madhara mahali si kwao, wanafungua kitabu, wanaonyesha picha ya gugumaji Ziwa Victoria, wanaandika "madhara" ubaoni, watoto wanakopi pointi sita, kengele inalia, imeisha. Eksam watapita, sawa, lakini mtoto wa Umoja ama Kawangware ambaye hajawahi fika Kisumu anabaki akijua tu kuna mmea fulani mbaya uko mahali mbali, na jioni akienda nyumbani anapita kando ya fensi imemezwa na lantana, kichaka vamizi, na haoni chochote. Kuna njia ingine, na haitaki basi wala bajeti, inataka kamba, chaki, vifuniko vya soda na mwalimu ambaye haogopi watoto wakiwa nje ya darasa. Inafaa gredi ya 4 kwenda juu. Ukiwa na wale wadogo wa gredi ya 1 mpaka 3 chukua tu nyasi na mchezo wa makadi, mengine waachie wakubwa wao.

Anza na nyasi mnazokalia

Watoe nje wakae chini. Shule nyingi za Nairobi zenye bado ziko na kiwanja (najua zingine zimebaki na simiti tupu, nyinyi tafuteni kando ya barabara ama kwa kanisa jirani) zimeota ile nyasi ya kikuyu, ile nene inatambaa. Mwambie kila mtoto ashike utambaa mmoja, yaani lile shina linalotambaa chini, auvute polepole bila kuukata. Watapiga kelele juu hautaisha haraka venye walidhani. Sasa wauangalie kwa karibu: kila baada ya sentimita chache kuna kifundo, na kila kifundo kimeteremsha mizizi yake chini na kutoa majani yake juu, kwa hivyo mtu akija na jembe akaukata vipande kumi hajaua mmea mmoja, ametengeneza kumi. Usiwaambie hiyo, waulize. Halafu kila kikundi kichukue kipande chenye kifundo kimoja, kikipande kwa kikopo cha yogati kilichotobolewa chini, wamwagie maji, kikae dirishani. Watakuwa wanakichungulia kila asubuhi kabla hata ya kukusalimia.

Hapo ndio uwape habari yenyewe. Hii nyasi kwao ni hapa, nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huku inaliwa na ng'ombe na kondoo na wadudu na magonjwa yake, kiangazi kikija inarudi nyuma, hakuna mtu inamkosesha usingizi. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 watu waliibeba wakaipeleka Australia, Hawaii, California, walitaka malisho na kitu cha kushika udongo, na huko ikatoka mkononi, inafunika mimea midogo ya wenyewe mpaka inakosa jua, na Marekani serikali imeiweka kwa orodha ya magugu hatari. Mti wetu wa Nandi flame nao, ule wa maua mekundu kama uko kwa kompaundi yenu waonyeshe, uko kwa ile orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la kuhifadhi asili) ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani kwa sababu ya venye umevamia visiwa vya Pasifiki.

Ukitaja jina la nyasi darasa litacheka na kuna mmoja atasema kitu ya makabila, hii ni Nairobi. Waache wacheke mara moja, waambie nyasi haina kabila, endelea.

Kisha kuna swali litatoka, karibu kila mara linatoka, mtoto anauliza, "Kwa hivyo mwalimu, huko kwao sisi ndio tuliwapelekea?" Huyo ameshaelewa kitu ambacho zile pointi sita hazingemfunza: hakuna mmea ama mnyama ambaye ni mbaya tangu kuumbwa. Ni mahali amewekwa, na nani hayuko hapo wa kumshika. Kila kitu utafundisha baada ya hapa kitasimama juu ya hiyo.

Kwa nini kitu kitulivu nyumbani kinakuwa balaa ugenini

Hii ndio sehemu ya kukaa nayo muda mrefu, usiikimbie. Kila kiumbe kwao kina wenye kukila, wenye kukiuma, wenye kukiambukiza ugonjwa, na wenye kushindana nacho kwa maji na jua. Ukikihamisha unakibeba chenyewe, hao wengine unawaacha. Waambie ni kama darasa limebaki bila mwalimu na bila prifekti, watoto ni wale wale, hawajageuka usiku, lakini subiri dakika kumi uone. Watoto wanaelewa hii haraka sana, pengine haraka kuliko ungependa.

Ongeza mengine mawili. Kwanza, kiumbe mwenye anazaa haraka na mbegu nyingi ama anaota kwa kipande (wana ushahidi tayari kwa vikopo vya yogati). Pili, mahali pamevurugwa, kama udongo umeachwa wazi, msitu umekatwa ama maji yamejaa uchafu, hapo mvamizi anaingia rahisi. Hii ya pili vitabu huiruka, na ndio inahusu Nairobi zaidi. Chukua Nairobi Dam, pale kati ya Kibera na Lang'ata. Ilijengwa 1953 na kuna wakati watu walikuwa wanaendesha mashua za tanga hapo, siku hizi maji ukiyaangalia kwa mbali unadhani ni shamba, gugumaji limefunika. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, ndio, lakini lisingenona hivyo bila maji taka yanayoingia pale kila siku, juu kwa mmea maji taka ni mbolea. Na mbegu zake zinaweza kukaa kwa matope miaka 20 bado ziko hai. Kwa hivyo waulize watoto: tukiling'oa lote leo na maji taka yaendelee kuingia, mwaka ujao tutakuwa na nini? Waache wajibu wenyewe.

Mchezo wa makadi

Kata manila vipande, andika ama chora kiumbe kimoja kwa kila kadi, kila mtoto moja. Pembe nne za darasa ziwe: mwenyeji, mgeni mtulivu, mvamizi, na mwenyeji msumbufu. Wanaenda kusimama pembe wanayodhani ni yao, halafu wengine wanawapinga. Itakuwa na kelele, ambia darasa jirani mapema.

Weka mahindi. Wengi watasimama kwa mwenyeji, na nyuso zao ukiwaambia mahindi yalitoka Meksiko, yaani ugali wote huu, zinafaa kupigwa picha. Sukuma wiki asili yake upande wa Mediterania. Kuku alifugwa kwanza Asia. Jacaranda zenye zinapaka Nairobi zambarau mwezi wa kumi ni za Amerika Kusini, na ile miiba ya kayaba ya kuzungushia boma ni ya kusini mwa Afrika. Hizo huku tunaziweka kwa pembe ya mgeni mtulivu na tunashukuru. Managu mpe mtoto mmoja asimame kwa mwenyeji kwa raha zake.

Kwa wavamizi weka gugumaji, lantana, mathenge (ule mti wa miiba wa Baringo), gugu karoti (lile la maua meupe madogo kando ya barabara), wale viwavijeshi wa mahindi waliofika Kenya 2017 kutoka Amerika, na yule konokono wa Mwea aliyeripotiwa 2020, anayetaga mayai ya pinki juu ya mashina ya mpunga. Huyo konokono wanampenda sana, sijui ni rangi, na unaweza kuwaambia ni ile pishori ya Jumapili nyumbani ndio anakula ikiwa bado changa.

Pembe ya mwenyeji msumbufu ndio yenye akili. Weka marabu, lile korongo kubwa la kipara linalokaa juu ya miti Mombasa Road na kuchafua magari na watu chini. Wote watasema mvamizi. Hapana, huyo ni wa huku kabisa, anasumbua tu juu sisi tunatupa taka na yeye anapenda taka. Halafu weka kunguru wawili, na hapa walazimishe kuangalia vizuri. Kunguru wa Nairobi ana kifua cheupe na ukosi mweupe, huyo ni mwenyeji. Yule wa Mombasa ni mwembamba zaidi, hana nyeupe, shingo yake ni kijivu, ni kunguru wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ati asafishe taka, akaenea pwani yote, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na mwaka wa 2024 serikali ilitangaza inataka kupunguza kunguru milioni moja. Mtoto akitoka hapo akijua kutofautisha hao wawili kwa macho amefanya sayansi.

Maliza na maharagwe. Ripoti kubwa ya kimataifa ya IPBES ya 2023 ilisema viumbe zaidi ya 37,000 wamehamishwa na binadamu wakakita mizizi mahali si kwao, na walioonekana kuwa vamizi na wenye madhara ni zaidi ya 3,500. Hesabu maharagwe 37 meupe kwa sinia, kila moja ni elfu moja, halafu badilisha matatu na nusu yawe mekundu (ndio, kata moja kwa kisu). Wataona wageni wengi hawana noma, lakini hao wachache ndio wanamaliza watu.

Na hapa niseme kitu kwa walimu wa Eastleigh, Kayole, Kasarani na popote pale darasa liko na watoto wa kutoka Somalia, Kongo, Sudan Kusini, ama hata mtoto aliyehamia juzi kutoka kaunti ingine. Ukisimama mbele ukaanza "wageni ni wabaya, wanatumalizia chakula, watolewe", kuna mtoto ameketi pale nyuma anasikia kitu ingine kabisa, na wenzake watamrudishia mapumziko. Sema spishi, sema mmea, sema samaki, na rudi kila mara kwa ile ya nyasi, kwamba aliyehamisha ni binadamu na hasara ni ya jinsi alivyohamisha. Sio siasa, ni adabu ya darasa.

Kamba na lantana

Sasa kazi yenyewe. Tafuta lantana. Nairobi haitakupa shida, iko kwa fensi, kwa ploti zisizojengwa, kando ya mto. Shina lina pembe nne na vimiba vidogo, majani yanakwaruza kidole na ukiyafikicha yananuka kali, maua yako kwa kishada kimoja lakini rangi si moja, katikati njano na pembeni pinki ama chungwa, na matunda ni ya kijani halafu yanageuka meusi yanayong'aa. Ndege wanapenda hayo matunda na ndio wanasambaza mbegu. Asili yake ni Amerika ya joto, wazungu waliipenda juu ya maua wakaitembeza dunia nzima.

Tengeneza mraba wa mita moja kwa mita moja kwa kamba ya katani na vijiti vinne. Kikundi cha watoto watano kinatosha, mmoja anaandika, mmoja anachora, wengine wanaangalia. Weka mraba pale lantana imefunika, hesabuni ni aina ngapi za mimea ziko ndani. Aina, sio idadi ya mimea, rudia hiyo mara tatu juu lazima kuna kikundi kitaanza kuhesabu kila jani la nyasi. Hawahitaji majina, wanaweza kuita "ya majani mapana" ama "ya maua meupe madogo", bora wachore. Kisha sogeza mraba mita tano nje ya lantana, hesabuni tena. Fanyeni mara tatu tatu kila upande, mtafute wastani, wachore grafu ya nguzo mbili. Kawaida nguzo ya lantana inakuwa fupi, na hapo unaweza kuwaeleza kwamba lantana inakaba jua na pia inatoa kemikali kwa udongo zinazozuia mbegu za wengine kuota.

Usiwaachie hapo lakini. Uliza: tunajuaje ni lantana imefanya hivi na sio kivuli tu? Ukimya utakuwa mzuri. Jibu ni mraba wa tatu, chini ya kichaka kingine chenye kivuli kama hicho, kayaba ama mti wa mukinduri, chochote kiko karibu, halafu mnalinganisha tatu. Matokeo yakikataa kufanana na kitabu andika yalivyo. Mimi kikundi kikiniletea namba ambazo hazieleweki na kiwe na ujasiri wa kuziandika hivyo hivyo, hao ndio napea maksi zote.

Kama shule iko na shamba la mahindi, kuna ya ziada: tafuteni kiwavi ndani ya mwanya wa majani ya juu, mahali pameachwa unga unga wa mavi. Mvamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yamekaa mraba karibu na mkia. Wakiwa na lenzi ya mkono watagombania.

Mchezo wa vifuniko

Chora kwa chaki mraba wa visanduku nane kwa nane, 64 jumla. Hili ndilo ziwa. Tawanya vifuniko 40 vya rangi moja, hao ni wenyeji, samaki na mimea ya maji. Kisha weka kifuniko kimoja cha rangi ingine, gugumaji. Kila raundi, wavamizi wanaongezeka mara mbili. Wanajaza kwanza visanduku vitupu, vikiisha wanatoa wenyeji.

1, 2, 4, 8, watoto wataboeka, wengine wataanza kuongea. 16 bado hakuna mwenyeji ametolewa. 32 ndio wanaanza kutoka. Simamisha hapo, ziwa liko nusu, uliza zimebaki raundi ngapi lijae. Utasikia sita, utasikia tatu. Ni moja. Acha waone wenyewe raundi ya mwisho ikifagia wenyeji wote. Waambie mahali pana joto na uchafu wa kutosha gugumaji linaweza kuongezeka mara mbili kwa wiki mbili hivi ama hata chini ya hapo, wapige hesabu, kutoka mmea mmoja mpaka ziwa lote la chaki ni kama wiki kumi na mbili, haifiki hata term.

Cheza mara ya pili na fukusi. Fukusi wanawajua kwa mahindi ya gunia, hawa ni wengine, aina mbili zilizotolewa Amerika Kusini kule kule kwao na gugumaji, zikapimwa kwanza zisije zikala mimea mingine, halafu zikaachiliwa Ziwa Victoria miaka ya 1990. Chagua watoto wawili wawe fukusi. Kila raundi gugumaji likishaongezeka, wao wanaondoa nusu. Ukiwaingiza wakati wavamizi ni 4, linapanda 8, linarudi 4, raundi baada ya raundi. Anza upya, sasa waingize likiwa 32. Linapanda 64, linarudi 32, na linabaki hapo hapo nusu ya ziwa. Hakuna haja ya kueleza zaidi, mtu aliyechelewa ataonekana. Ya kueleza ni kwamba fukusi hawamalizi gugumaji, wanalishikilia, na ndio maana pale Victoria lilipungua sana halafu limekuwa likirudi.

Baada ya mchezo ndio mkae muongee madhara, na utaona wanayataja bila kukopi: jua halifiki chini, oksijeni inaisha kwa maji, samaki wanakufa ama wanahama, mashua zinakwama, mbu na konokono wa kichocho wanapata makao.

Kesi ya mathenge

Hii ni ya gredi ya 6 na junia sekondari, na ni kesi ya kweli. Mathenge ililetwa Baringo, upande wa Marigat, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mradi uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa nzuri kabisa, jangwa lilikuwa linakuja, watu hawana kuni, huu mti hauogopi ukame. Ukaenea ukajaza malisho na mabwawa, miiba inatoboa kwato na tairi, mbuzi wakila yale maganda yenye sukari yanaganda kwa meno, meno yanaoza yanatoka, mbuzi anashindwa kula. Na mbegu zikipita kwa tumbo la huyo mbuzi zinatoka na kinyesi na kuota mbele. Mwaka wa 2006 watu wa jamii ya Ilchamus walishtaki serikali, na wakaleta kotini mbuzi asiye na meno kama ushahidi.

Gawa nafasi: mfugaji, afisa wa misitu wa wakati ule, mchoma makaa anayeuza makaa ya mathenge na anapata karo ya watoto kutoka hapo, mfuga nyuki anayependa maua yake, mkulima ambaye mtaro wake wa maji umezibwa, hakimu, na mbuzi. Kila mtu atataka kuwa mbuzi. Wape siku mbili wajiandae, kila mmoja alete hoja tatu, na afisa wa misitu umpe mtoto mwerevu kuliko wote kwa sababu ndiye mwenye kazi ngumu, inabidi aeleze alikuwa anaona nini 1982 bila kujua yatakayokuja. Usiamue nani ameshinda. Hakimu aandike hukumu mwenyewe, robo ukurasa.

Ukiwa na muda, fanya debate ya sangara vile vile. Huyo ni samaki wa Afrika hii hii, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, miaka ya 1980 akalipuka, na aina kama 200 za wale samaki wadogo tunaita fulu inaaminika zilipotea. Upande wa pili viwanda vya minofu, kazi, mauzo ya Ulaya. Na kitu kimoja kinachoonyesha ekosistemu ni nini hasa: samaki wadogo walikuwa wanaanikwa tu juani, sangara ana mafuta mengi inabidi akaushwe kwa moshi, kwa hivyo miti ya nchi kavu nayo ikakatwa kwa ajili ya samaki. Mwambie mtoto aonyeshe hiyo njia kwa mishale ubaoni, kutoka ndani ya maji mpaka mlimani.

Usalama, na hii usisome ukiruka

Gugu karoti, lile gugu la maua meupe madogo madogo na majani yaliyochanikachanika, liko kando ya barabara nyingi hapa mjini. Linawasha ngozi na poleni yake inaamsha pumu. Watoto waangalie, wasiguse, na usiwape kazi ya kuling'oa hata kama hedi ticha anataka shule ipendeze siku ya wageni. Lantana wasile matunda, najua wengi wetu tulikula yale meusi, lakini ya kijani yana sumu na mtoto wa darasa la pili hatasubiri yaive. Glavu kama zipo, sabuni na maji lazima.

Nairobi Dam na mito yetu usiwapeleke ndani, yale maji ni ya choo. Angalieni kutoka juu ama tumia picha ya simu. Gugumaji bichi usilete darasani kwa ndoo kama mfano, maana siku ya kulitupa kuna mtu atalimwaga kwa mtaro, na mtaro unaenda mtoni, na hapo wewe ndio umeeneza. Vile vikopo vya nyasi pia, mkimaliza irudisheni pale pale kiwanjani.

Karura, Arboretum ama mbuga, mtoto haruhusiwi kung'oa kitu bila ruhusa ya wenye mahali, hata kama anajua ni lantana na anajua jina lake la kisayansi. Mkipata nafasi ya safari nendeni Arboretum kwanza, ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka iwe kuni za treni, kwa hivyo hapo unaona kwa macho watu walileta nini na kwa nini, halafu Karura waone sehemu ambazo miti na vichaka vya kigeni vinaondolewa na ya kiasili inapandwa.

Mkiamua kuondoa lantana ya shule, fanyeni na fundi wa shule, kipande kidogo kwa wakati, mng'oe na mzizi kabla ya matunda kuiva, na pale palipobaki wazi mpande kitu siku hiyo hiyo ama wiki hiyo: muringa, mukinduri, mutamaiyu, hata nyasi ya kikuyu yenyewe. Udongo ukibaki mtupu gugu karoti litakushukuru. Na kikundi kimoja kirudi na kamba kila term kihesabu mraba ule ule, daftari likae kwa darasa, likipokelewa na wale wanaokuja nyuma.

Mwisho, tuma meseji kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi kabla ya kufunga Desemba. Watoto wataenda shags wakiwa moto, wataona fensi ya cucu ama ya dani imejengwa na lantana mtupu miaka thelathini na hakuna mbuzi amewahi kuivuka, na wataanza kung'oa. Waambie wazazi wawaongoze watoto waulize kwanza kitachukua nafasi yake ni nini, na nani atakinunua.